Kitufe cha Ngoma

Kabla sijaiona nyumba, niliisikia sauti yangu. Ilikuwa ikitoka ndani ya ukungu wa asubuhi, upande wa mnadani, juu ya mngurumo wa jenereta, ikisema, "Karibu. Bonyeza picha unayoitaka." Ikanyamaza. Halafu tena, kwa upole uleule, "Karibu. Bonyeza picha unayoitaka." Nami nilikuwa nimesimama kwenye tope, viatu mkononi, mdomo umefumba. Huko mbele nilikuwa nimekwisha kuamka na kuanza kuwapokea watu, na hapa bado nilikuwa na usingizi machoni.

Hivyo ndivyo ninavyoikumbuka Garsen ya miaka ile ya mwishoni mwa tisini. Mafuriko yalikuwa yamepita, na mto ulikuwa umerudi kwenye njia yake kama mgeni mlevi anayejifanya hakuna alichovunja. Kuta zilibaki na mstari wa rangi ya kahawia hadi usawa wa kifua. Mbu walibaki. Uchovu nao ulibaki, uchovu wa watu waliobeba vitanda kichwani, wakavirudisha, na sasa hawakuwa na hamu ya kubeba chochote tena. Mimi nilikuwa nimefundisha shule ya msingi bila cheti, kisha wakaletwa wenye vyeti, nikaambiwa ahsante. Nilikuwa na lugha tatu na sina kazi. Kipokomo nilikinyonya kwa mama, Kiorma nilikipata kwa majirani tuliokuwa tukinunua maziwa kwao, na Kiswahili ni cha kila mtu. Kwa ajili ya lugha hizo nikaajiriwa na mwanamke mmoja aliyetoka Nairobi na kompyuta iliyofungwa ndani ya godoro.

Alikuwa amenizidi umri kidogo. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, ameifunga kwa uzi mweusi, na kila alipoinama kutazama kitu aliishika kwa kidole kama anayezuia isiseme neno. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Watu wengine wakisikia kompyuta hufikiria yaliyomo ndani, zile nyaya na hesabu. Yeye alishughulika na uso wa mashine tu. Alitaka kujua pale mtu na mashine wanapokutana kwa mara ya kwanza, mtu ambaye hajawahi kusoma hata herufi moja, wanaambianaje. Hilo ndilo alilokuwa akilisomea shahada yake. Mimi nilidhani ni mzaha mpaka nilipomwona anavyokonda kwa ajili yake.

Vitufe vya herufi vya kompyuta alikuwa amevifunika. Seremala wa Garsen alimchongea kibao chenye vitufe vikubwa vya mti, na juu ya kila kitufe pakachorwa picha kwa rangi ya mafuta: ng'ombe, mbuzi, ndizi, mpunga, mto, mvua. Picha hizohizo zilikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Ukibonyeza ng'ombe, sauti yangu ilikwambia bei ya ng'ombe hapa mnadani na bei ya Malindi. Ukibonyeza mto, ilikwambia habari za maji kutoka juu, kule Hola na Bura. Kila wiki alikwenda posta kupiga simu za kuulizia, akarudi, nami nikakaa mbele ya kipaza sauti nikizisoma upya kwa lugha zangu zote. Chini kabisa, peke yake, palikuwa na kitufe cha ngoma. Hicho kilikuwa cha aliyepotea. Ukikibonyeza, mashine inarudi mwanzo, nami ninakukaribisha tena.

"Kwa nini ngoma?" nilimuuliza.

"Ikipigwa, watu hurudi uwanjani," akasema. "Au nimekosea?"

Sikujua. Nilisema ni sawa.

Wafadhili wake walimpa mashine ile na jenereta mpaka mvua za masika zianze. Kabla ya hapo ilimpasa apate jambo jipya, jambo ambalo watafiti wenzake huko duniani hawajaliandika bado. Akilipata, angeongezewa muda na kumaliza shahada. Asipolipata, gari lingekuja kuichukua mashine, naye angerudi kufundisha taipureta katika chuo alichokikimbia. Aliniambia hayo siku ya kwanza bila kunung'unika, kama mwenyeji anayekuonyesha kilipo choo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko kulima. Sharti lilikuwa watu waingie mmoja mmoja na mlango ufungwe. Mlango ule ulikuwa umevimba kwa maji ya mafuriko. Kuufunga kulitaka mikono miwili na mguu mmoja ukutani, nao ulipokubali ulilia mbao kwa mbao hadi meno yakauma. Aliyeingia aliketi mbele ya kioo. Mimi nilikaa ubavuni pake kufasiri, lakini sikuruhusiwa kumsaidia, hata kwa jicho. Dada alikaa nyuma akitazama mikono. Na kila mtu aliombwa aseme kwa sauti yale anayoyawaza wakati anatumia mashine, maana profesa wake kule Nairobi alisema ndiyo njia ya kisasa ya kuujua uso wa mashine ulivyo.

Sasa, mtu gani wa mto huu atawamwagia mawazo yake wanawake wawili na sanduku?

Mzee mmoja wa Kiorma, mwenye fimbo iliyong'aa kwa kushikwa, aliketi akatazama kioo kwa heshima zote.

"Mzee, unawaza nini?" nikamfasiria.

"Nawaza ng'ombe."

Akabonyeza. Akasikiliza bei mpaka mwisho.

"Na sasa, mzee, unawaza nini?"

"Bado ng'ombe."

Dada aliandika. Nilimwona anaandika, nikaona pia mstari ulivyo mfupi.

Siku nyingine alikuja mfanyabiashara wa mifugo, Msomali mwenye duka karibu na stendi, mtu wa maneno ambaye alikuwa haingii mahali bila kupaacha panacheka. Aliitazama mashine kutoka pembe zote.

"Dada, hii inakunywa chai?"

"Hainywi."

"Inakunywa petroli lakini. Naisikia hapo nje inavyokunywa." Akanigeukia mimi. "Na wewe, sauti yako humu ndani ina adabu sana. Inasema karibu, karibu, hata haijui mtu ni nani. Mbona jana dukani kwangu hukunisalimia?"

"Jana ulikuwa unagombana na kuli."

"Basi! Sanduku lingenisalimia hata hivyo."

Alifanya kila kitu bila kukosea. Wote walifanya bila kukosea. Hilo lilianza kumtia dada wasiwasi, kwa sababu uso wa mashine hujifunza kwa makosa ya watu. Mtu akikwama, unajua pa kurekebisha. Watu wetu hawakukwama. Walisema ni nzuri. Nikiwauliza nini kigumu, walisema hakuna, Mungu awajalie. Tulirudi nyumbani jioni tukiwa tumelemewa na wema wao, joto limetukausha, na masikio yangu yamechoka kunisikia. Nilikuwa nimefika mahali pa kuichukia sauti yangu. Nilitamani nitumie ya mtu mwingine kununulia hata sukari.

Wa kwanza kabisa kuijaribu mashine alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Hewani, mkulima, aliyekuwa akileta ndizi sokoni Garsen. Ninamkumbuka kwa sababu aliingia na kikapu, akaambiwa akiache nje, akatoka, akakiacha, akarudi na ndizi moja mkononi, asije mikono mitupu. Aliketi. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Uligusa ngoma, na mashine, ambayo ilikuwa mwanzo tayari, ikarudi mwanzo. "Karibu," nikasema kutoka ndani ya sanduku. "Bonyeza picha unayoitaka."

"Ahsante, mwanangu," akaliambia sanduku.

Kisha akabonyeza ndizi, akasikiliza, akatoka.

Aliyemfuata alibonyeza ngoma kwanza. Na aliyemfuata huyo. Mwanzoni hatukuona kitu, au tuliona kama mtu anavyoona vumbi. Walikuja watu wa kijiji cha Wenje, wakabonyeza ngoma. Walikuja wafugaji wa nyikani, ngoma. Walikuja wapangaji wawili wa mashamba ya mifereji ya Bura, wamepanda pikipiki moja na nywele zimekuwa nyekundu kwa udongo, nao pia, kabla ya kitu kingine chochote, ngoma. Mzee wa "bado ng'ombe" alikuwa ameibonyeza. Msomali wa maneno mengi pia. Wote waliketi, wakatulia, wakabonyeza kitufe cha aliyepotea kabla hata hawajapata nafasi ya kupotea, wakaniacha niwakaribishe mara ya pili, ndipo wakaendelea na shida zao.

Dada aliligundua mchana mmoja, kikombe cha chai mkononi. Alikitua chini polepole.

"Mdogo wangu. Umeona wanachofanya?"

"Wanabonyeza ngoma."

"Wanabisha hodi." Alivua miwani, macho yake yakaonekana madogo na mapya. "Mashine hii inawarukia. Wanaketi tu, tayari inawaambia bonyeza, bonyeza. Nani anaingia nyumba ya watu namna hiyo? Wao wanasimama mlangoni kwanza. Wanabisha, wanasubiri wakaribishwe. Ndiyo ngoma! Hakuna aliyewafundisha. Wameitoa ndani yao."

Niseme kweli, nilipenda. Nilikuwa tayari naandika hadithi kwenye karatasi za kufungia sukari, na hakuna hadithi niliyokuwa nimeiandika yenye uzuri wa jambo lile: watu wa mto na nyika, wasiokutana ila kwa maziwa na ugomvi wa malisho, wote wanafika mbele ya mashine ngeni na kuibishia hodi.

Alifanya kazi kama aliyepata homa. Alitengeneza uso mpya. Kioo kilikaa cheusi, kimya, kama nyumba ambayo wenyewe wako uani. Ukibonyeza ngoma, mwanga ulipanda taratibu, picha zikajitokeza moja moja, ndipo sauti ikakukaribisha. Alinirekodi lile neno "karibu" mara nyingi mpaka koo likaniuma. Hakutaka la dukani. Alitaka la mtu anayekuja mlangoni huku anakausha mikono kwa kanga. Tulipolipata, alizima kipaza sauti. Nilikuwa nimechoka mno hata kufurahi, lakini nilijua kwamba sauti ile ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Alikwenda posta kumpigia profesa. Alirudi anatembea katikati ya barabara, kama mtu aliyesahau kwamba kuna magari. Profesa alikuwa amesema hilo ndilo. Angekuja na wafadhili wenyewe, kwa msafara wa mabasi yenye askari wa kuzuia majambazi wa njiani, kabla mvua hazijakata barabara. Jioni ile tulikula wali na samaki wa kupaka, naye akacheka kwa jambo ambalo halikuwa la kuchekesha.

Kisha jenereta likaishiwa mafuta.

Ilikuwa adhuhuri, joto limelala juu ya mji. Sauti yangu ilikatika katikati ya bei ya mbuzi. Tulikaa kidogo gizani, tukautazama mlango, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuupigania. Mwisho tukausukuma tukatoka kuwaambia waliokuwa wakisubiri warudi nyumbani. Walizoea kusubiri nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mathenge, miti ile ya miiba ambayo hakuna anayeipenda na kila mtu hukaa chini yake. Siku zote tulikuwa tukiwaita kwa kugonga dirisha. Hatukuwahi kuzunguka.

Walikuwa wamechuchumaa duara, wameinamisha vichwa, hawakutusikia. Katikati yao, kwenye vumbi, palichorwa miraba. Ndani ya mraba mmoja pana kipande cha samadi kavu ya ng'ombe. Wa pili, vinyesi vya mbuzi, vile vidogo vyeusi. Wa tatu ganda la ndizi, wa nne punje za mpunga. Mmoja ulimwagiwa maji. Na chini kabisa, peke yake, kopo la maziwa ya unga lililofunikwa kichwa chini. Mfanyabiashara wa mifugo, yule wa chai na petroli, alikuwa akimfundisha mfugaji kijana aliyekuwa hajaingia. Kijana alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye samadi. Akapigwa kofi mkononi.

"Kopo kwanza! Nimekwambia kopo kwanza."

"Mimi nataka jua bei ya ng'ombe tu."

"Utajua. Kopo, halafu ng'ombe. Wewe unataka kumwaibisha mama wa watu?"

Nilimtazama dada. Alikuwa ameishika miwani kwa kidole.

"Mama yupi?" akauliza.

Duara lilifunguka. Mtu mmoja alivuta mguu wake akafuta mraba wa maji, kana kwamba bado kulikuwa na cha kuficha. Mfanyabiashara alisimama, akajipangusa magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa mzaha.

"Dada, usikasirike. Mtu hawezi kumwacha mwenzake aingie pale kama kipofu. Anayetoka anamwonyesha anayeingia. Ni kitu kidogo."

"Sikasiriki. Mama yupi?"

"Wa ndizi," akasema. "Wa Hewani. Muulizeni mwenyewe, mimi nisimseme."

Tulimkuta sokoni, amekaa nyuma ya mikungu yake, miguu ameinyoosha mbele. Alituona, akaanza kutupangusia gunia tukae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Vipi, sanduku limeugua? Silisikii leo."

"Limeishiwa mafuta." Dada aliketi kwenye gunia. Alitafuta maneno, akayaokota yaliyo rahisi. "Mama, siku ile ulipokuja, wa kwanza. Uligusa ngoma. Kwa nini?"

Yule mama akazitazama ndizi zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

"Kumbe mmejua."

"Tunauliza tu, mama."

"Mkono uliteleza. Huu mkono tangu mafuriko si wangu. Nilitaka ndizi, ukaangukia ngoma. Likanikaribisha tena, nikajua hapa nimekosea, maana nilikwisha kukaribishwa. Nilipotoka wenzangu waliniuliza, imekuwaje? Nikawaambia. Nikaona haya, mtu mzima mimi, mbele ya wasichana wa shule. Wakasema, basi usijali. Sote tutagusa ngoma. Tukigusa sote, nani atajua aliyekosea ni nani?"

"Wote walisema hivyo? Na Waorma? Na wale wa Bura?"

"Walikuwa foleni moja," akasema, kama jambo lisilohitaji kuelezwa zaidi. Kisha akaingiwa na hofu. "Kwani tumeharibu, mwanangu?"

Dada alikuwa anatazama mbali, kule ambako mbwa alikuwa amelala katikati ya njia na watu wanampita. Nilijua anachokitazama. Alikuwa anaitazama nyumba yake nyeusi iliyokuwa inasubiri hodi, na wafadhili kwenye basi, na taipureta zile zimejipanga darasani.

"Hapana, mama," akasema. "Hamjaharibu kitu."

Tulirudi. Tulipofika karibu na kisima nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia kwamba hakuna haja ya kusema. Nilimwambia kwamba hata kama chanzo ni mkono kuteleza, jambo lenyewe bado ni kweli. Nani hapa anaingia bila hodi? Uso mpya ni mzuri. Watu wanaupenda. Hadithi nyingi nzuri zimeanza kwa kuteleza.

"Wewe unaandika hadithi," akasema bila ukali. "Mimi nimesema nimepima."

Asubuhi alikwenda posta, nami nikaenda naye. Nilisimama nje ya kibanda cha simu nikimwona mgongo. Alisema, akasikiliza muda mrefu, akasema tena maneno machache. Alipotoka kola yake ilikuwa imelowa.

"Profesa anasema hivyohivyo ulivyosema. Anasema hakuna atakayejua, na wazo ni zuri lenyewe. Nikitaka, nililete kama lilivyo, wafadhili waje. Nikisema ni mkono uliteleza, hakuna cha kuwaonyesha, gari litakuja."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia gari lije."

Tulitembea. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtu aliyenyang'anywa kitu kizuri. Karibu na mnadani akasimama, akasema kama anayejisemea: "Unajua nilichokipima kweli? Kwamba hawataki mtu akosee peke yake. Nami nikawafungia mlango, nikawaingiza mmoja mmoja."

"Si hilo uliandike, basi."

"Nitaandika. Lakini sikuja na njia ya kulionyesha. Nilikuja na kiti kimoja."

Siku zilizobaki hatukuita mtu. Ila siku ya mwisho, gari limeahidiwa mchana, alinunua chupa ya petroli akaitia kwenye jenereta, akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye kivuli ambako watu walikuwa bado wanakuja kukaa.

"Ingieni," akasema. "Wote."

Hawakuamini. Walichungulia. Kisha wakaingia kwa mkupuo, wanaume wakaacha fimbo ukutani, wanawake wakabeba watoto, mlango ukabaki wazi na upepo ukapita chumbani kwa mara ya kwanza. Mama wa Hewani alisukumwa mbele mpaka kwenye kiti.

"Anza wewe, mama."

"Siwezi, mkono wangu mnaujua."

"Kopo, mama! Kopo kwanza!" akapiga kelele mfanyabiashara, na chumba kizima kikaangua kicheko, naye mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akabonyeza ngoma. Kioo kikapanda mwanga taratibu. Nikawakaribisha. Halafu wakaanza kweli. Mikono minne mitano juu ya kibao, huyu anasema ng'ombe, yule anasema subiri amalize, mzee wa Kiorma anabisha kwamba bei hiyo ya Malindi ni ya wiki iliyopita, wa Wenje anauliza mbona mto hausemi kama umepanda leo au jana. Walikwama. Walipotea. Waligombana na picha ya mvua, ambayo kumbe karibu kila mtu alidhani ni ungo. Maswali yote ambayo tulikuwa tumewaomba kwa wiki nyingi waliyamwaga pale, wakiambiana wao kwa wao, kwa sauti, na wala hakuna aliyeulizwa anawaza nini.

Dada alisimama pembeni na kalamu. Aliandika kidogo, akaacha.

"Hapa ndipo ningeanzia," akaniambia.

Jenereta likakohoa, likazima. Sauti yangu ikakatika nusu ya neno, na safari hii sikuhuzunika. Watu walitoka wakipeana mikono naye kana kwamba amefiwa. Mama wa Hewani alimwachia ndizi kwenye kiti.

Gari lilikuja mawingu yakiwa yamekwisha kushuka upande wa bahari. Dereva hakutaka kusikia habari ya chai, aliogopa barabara. Tuliifunga mashine ndani ya godoro lilelile. Kibao cha vitufe dada alikishika mkononi, akakigeuza, akanipa. "Hiki hakimo kwenye mali yao," akasema. "Nilimlipa seremala mwenyewe." Niliuliza sasa atafanya nini. Alisema atafundisha taipureta, kwani kitu gani. Alisema taipureta nazo zina uso.

Aliokota mkoba, akaokota ndizi. Mlangoni alisimama kidogo akiutazama ule mlango. Pale ndani nilipoketi, kibao kikiwa mapajani, nilidhani angeuacha wazi kwa uchovu. Lakini alitoka, akaushika kwa mikono yote miwili kutoka nje, akauvuta, ukagoma. Akauvuta tena, ukalia mbao kwa mbao, ukafunga.